Chama cha Santa Loreta Chafika Mudhaibi

Jumamosi, 3 Machi 1979. Ibra, Oman.
Leo nimepata dawa ya kumuoa Ghaniya! Dawa yenyewe kitabu. Injinia wetu wa barabara, Bwana Karmelo, katoka kisiwa kidogo sana, Santa Loreta. Kanipa historia ya chama chao cha Demokrasia ya Kikristo, kurasa mia mbili. Mimi mtunza ghala tu, kazi yangu makoleo na saruji. Lakini Ghaniya, karani wa hospitali (nimeshakwenda mara nne na kichwa kisichouma), kanambia baba yake, Bwana Marhun wa Mudhaibi, anataka mkwe anayeijua dunia. Basi Mudhaibi nzima nani anayeijua Santa Loreta? Hata Maalim Khelef haijui, na anasomesha jiografia! Khelef huyu ni binamu yake Ghaniya, naye anamtaka. Bahati yangu, baba zao ni ndugu na hawasemezani tangu Unguja. Hapewi mke hapo.

Jumatatu, 5 Machi.
Balaa! Mama kakiona kitabu, kina msalaba kwenye jalada. Kalia. Kauliza nimetanasari lini. Nikamwambia hii siasa tu, ni chama. Kalia zaidi! Kasema vyama ndivyo vilivyotutoa Unguja na sanduku moja. Nimetoa shahada mbele yake mara tatu, na jirani, Bi Kaltham, kaitwa awe shahidi. Sasa kitabu nimekivika gazeti. Kumbe chama kilianzishwa na padri na wauza samaki wanane, kikashindwa uchaguzi mara tano. Masikini! Nimeanza kukipenda.

Alhamisi, 8 Machi.
Majlisi ya Bwana Marhun, Mudhaibi. Wazee kumi na mmoja. Khelef naye yupo, ananukia udi. Kaja na wazee wa mtaa, ami yake hakuweza kumfukuza. Tumeamkiana, tumekaa, tende mbele yetu. Bwana Marhun kamuuliza Khelef kuna habari gani. Khelef kajibu hakuna habari, kheri tu. Mwalimu mzima, hana habari! Nilimuonea huruma, wallahi.

Zamu yangu. Nikajikohoza, nikasema habari zipo.

Wazee wote wakageuka. Mmoja kauliza nani kafa. Nikasema hajafa mtu, ila mwaka 1931 kule Santa Loreta... Saa moja na nusu! Padri, samaki, kushindwa. Kisha penye utamu khasa: ndugu wawili waligombea kiti, chama kikapasuka, miaka kumi na tisa hawapeani salamu, mpaka mtoto wa huyu alipomuoa mtoto wa yule. Chama kikaungana, na uchaguzi uliofuata kikashinda! Hapo nilipaza sauti. Kahawa ilikuwa haijamiminwa hata kikombe. Bwana Marhun machozi yanamlenga. Nimempata!

Jumamosi, 10 Machi.
Sikumpata. Bi Kaltham, aliyezaliwa huku huku, kaja kucheka mpaka kashika ukuta. Kasema hapa Sharqiyah ukiulizwa habari majlisini unajibu hakuna, hata kama nyumba yako inaungua. Yenye maana yanasemwa baadaye, kando, baada ya kahawa. Mimi mwaka wa pili niko Oman, nani kanambia?

Na hilo dogo. Kubwa ni kwamba Bwana Marhun aliamkia kwa ndugu yake jana, wakakumbatiana, wakalia. Kasema watu wa Santa Loreta wamemfumbua macho. Ghaniya kapewa Khelef! Khelef kaja mwenyewe kunibusu bega. Kaniomba niisome tena historia siku ya harusi, ile sehemu ya ndugu. Roho inaniuma, Ghaniya wangu.

Jumatatu, 12 Machi.
Nimekaa nikalitafuta kosa langu, na nimeliona. Historia ilikuwa fupi mno.

Kule Sur, mtaa wa Aija, Bwana Amur ana binti, Aliya. Alhamisi nakwenda kwao. Wakiniuliza habari, safari hii naanzia pale kisiwa kilipozuka baharini.