Kwaya ya Watu Wanaofanana

Jumatatu, 4 Agosti
Mchungaji kaniita pembeni. Jumapili ni tamasha la kwaya, kasema, na tukiaibika tena kama Pasaka, kwaya anampa Ogada. Ogada! Mtu wa besi, anaimba kama anabishana na wimbo. Kwaya hii niliianzisha na marehemu mke wangu, Prudencia, Igoma ikiwa bado na mashamba ya mihogo. Mpaka leo namsikia, kila mstari anafika nyuma ya wenzake. Simwachii mtu.

Jumanne, 5 Agosti
Binti yangu Kokushubira kaja kula. Anasomea ubongo chuoni. Kanieleza kwamba seli za ubongo hupigiana ishara, na hazifanani. Nyingine huitika upesi, nyingine mpaka zisukumwe sana. Zikifanana, huwaka kwa pamoja kirahisi. Alikuwa anaingia kwenye habari za kifafa, lakini mimi nilishapata changu. Niliziacha ndizi mezani. Kwaya inayofanana! Nani atatuweza?

Alhamisi, 7 Agosti
Nimewapunguza. Nestory anayechelewa, nje. Mama Modesta anayevuta sauti, nje. Ogada nimempa kazi ya kupanga viti. Akaniangalia tu, akasema sawa mwalimu. Nimebaki na wepesi watupu, Selestina mbele. Nikiinua kidole, wote wameshaanza. Raha iliyoje!

Walipoondoka nilikaa kidogo. Pale nyuma aliposimama Prudencia pamepoa. Nikakumbuka tulivyovuka ziwa kwa meli kutoka Bukoba, vijana bado, tunaimba, wote tumenyamaza na yeye ndiyo kwanza anamalizia. Abiria walicheka, naye akacheka nao. Nimemkumbuka mno.

Jumapili, 10 Agosti
Balaa! Katikati ya ubeti wa pili mchungaji akakohoa. Selestina akadhani ni ishara, akarukia kiitikio. Wote wakaruka naye, hata mmoja hakubaki! Kisha wakaanza kukimbia. Mmoja akiongeza mwendo, wote wanaongeza. Wakamaliza, wakainama, wakaketi. Mpiga kinanda alikuwa bado anatafuta walipo. Mchungaji kampa Ogada kwaya palepale mlangoni, watu wanapeana mikono.

Jumatatu, 11 Agosti
Koku kaja asubuhi kunipa pole. Kamalizia yale niliyomkatiza. Seli zikifanana mno, mshtuko mdogo unaweza kuzibeba zote mara moja, na hapo kifafa kinapata nafasi. Zile nzito ndizo breki. Kasema zamani Selestina alikosea kila wiki na hakuna aliyejua. Ogada alikataa kumfuata, na mama alikuwa bado yuko kwenye mstari uliopita. Nililia, sifichi.

Akanishika mkono.

"Baba, mama alitufaa kwa sababu wengine hawakuwa kama yeye."

Maneno mazito hayo. Nimeyawaza mpaka chai ikapoa, na kosa langu nimeliona. Nilichagua wepesi! Basi naanzisha kwaya mpya huku nyumbani Mkolani, ya wazito watupu. Nestory kakubali. Mama Modesta kakubali, na ndugu zake wanaovuta sauti vilevile. Kila mmoja awe Prudencia. Mazoezi ya kwanza yalikuwa leo saa kumi. Sasa jua limeshazama na hajafika hata mmoja.

Wanafaa kabisa.