Jinsi Tulivyowakomboa Mbwa wa Kanyangi

Wananchi wote wa Kitui, na wale wa wilaya mpya ya Makueni, wanaarifiwa kwamba mateso ya mbwa yamekwisha. Kuanzia Kabati hadi Kalamba hakuna tena mbwa aliyefungwa mnyororo nyuma ya nyumba, na yeyote anayedai kumwona mmoja ameona vibaya. Kazi hiyo imefanywa na Kamati ya Pamoja ya Kuwatetea Mbwa Waliofungwa Uani. Mimi, Jonah Kiilu, ndiye katibu wa Kamati. Naeleza mambo yalivyokwenda kwa sababu kuna maneno yanazungushwa sokoni Kanyangi, na maneno hayo hayana adabu.

Mwenyekiti wetu ni Bwana Musembi. Alikwenda semina ng'ambo wiki moja, akarudi anapenda mbwa na ana Landrova. Kabla ya hapo alikuwa amekwenda semina ya miti, akarudi anapenda miti na ana pikipiki. Kwa hivyo ni mtu mwenye upendo mpana, na wafadhili wanamwamini.

Kwenye mlango wa Landrova tulichorewa mbwa anayetabasamu. Mchoraji alikuwa yule yule wa bucha za Kabati, na mkono wake umezoea kazi fulani, kwa hivyo mbwa alionekana kama anauzwa kwa kilo. Mwenyekiti alisema wananchi wataelewa.

Hapa niondoe jambo moja linalosemwa kwa ubaya. Ni kweli kwamba nyumbani kwa Mwenyekiti, pale Kabati, kuna mbwa mkubwa aitwaye Reksi, na ni kweli ana mnyororo, na ni kweli ameuzunguka mlingoti wake miaka mingi mpaka ardhi ikabonyea ikawa duara. Kamati ililichunguza suala hilo kwa kina. Ikaonekana kwamba sisi tunashughulikia mbwa waliofungwa uani, na Mwenyekiti hana ua, ana kompaundi. Tena Reksi hakufungwa. Reksi amepangiwa kituo, na mtumishi aliyepangiwa kituo hazururi ovyo.

Basi tukaingia barabarani. Sitaki kuringa, lakini barabara tulizopita hata mbuzi huzipita kwa kulalamika. Tulikwama kwenye mchanga wa mito mikavu, tukasukumwa na wanafunzi, tukakwama tena. Mto Athi ulipojaa tulizunguka siku nzima ili kufika Kalamba. Kila mahali Mwenyekiti alitoa kichwa dirishani na kutangaza kwa kipaza sauti masharti matatu ya Kamati. La kwanza, mbwa aliyefungwa awekewe maji mahali anapoweza kuyafikia. La pili, mbwa afunguliwe na mamlaka inayohusika. La tatu, mbwa akishafunguliwa, mwenyewe amfuate mpaka nyumbani na kukaa naye hadi atulie, bila kujali shughuli nyingine yoyote. Hilo la tatu niliandika mimi. Yale maneno "bila kujali shughuli nyingine yoyote" yalinitoa jasho, na hadi leo nikiyakumbuka moyo wangu hufurahi.

Matokeo yalikuwa ya ajabu. Hatukukuta mbwa hata mmoja. Kila boma tulikuta mnyororo umelala chini ya mti, bakuli lina uji nusu, na mama anapepeta mbaazi kama hajasikia gari.

"Mama, mbwa wako yuko wapi?" Mwenyekiti aliuliza boma moja karibu na Kalamba.

"Mbwa? Mimi sijawai kuwa na mbwa."

Kichakani mbwa akabweka.

"Na huyo?"

"Hiyo ni ya jirani."

"Jirani yuko wapi?"

"Alihama."

Wapo wanaosema kwamba gari la serikali la mwisho kuuliza habari za mbwa huku lilikuja wakati wa kichaa cha mbwa, na lilipoondoka hakukuwa na wa kubweka. Wanasema watu waliona Landrova, wakaona na ile picha ya bucha, wakafungua mbwa mbio na kuwafukuza porini. Sisi tulitazama jambo hilo kitaalamu. Tuliandika kwamba gari letu, kwa kukaribia tu, limewakomboa mbwa wa wilaya mbili.

Wafadhili walifurahi sana. Wakaomba picha za mtu mkubwa akimfungua mbwa.

Hapo ndipo tulipopata shida ya kikazi. Huwezi kumfungua mbwa ambaye hajafungwa. Kamati ilikaa, ikala mchana, ikaamua kwamba ili zoezi la kufungua lifanikiwe, lazima litanguliwe na zoezi la kufunga. Tulikwenda dukani kwa Duale pale Kabati, anayeuza kamba, ndoo na vitu vya mifugo, tukabeba minyororo yake yote.

"Nyinyi si ndio watu wa kukataa minyororo?" Duale aliuliza.

"Ndio sisi," Mwenyekiti akasema.

"Na mnabeba yote?"

"Tunaikataa yote."

Duale alikuna ndevu. "Wallahi, mkitaka kukataa na kufuli, hizo pia niko nazo."

Tukachukua na kufuli.

Chifu Kivuva wa Kanyangi alipokea maagizo kwa moyo wa uzalendo. Alitangaza kila boma litoe mbwa mmoja. Kwa kuwa wananchi hawaaminiki na mbwa wao wenyewe, mbwa wote walifungwa kwenye ua wa kambi ya chifu, wamngoje Mgeni Rasmi aje kuwafungua Ijumaa. Ijumaa Mgeni Rasmi akawa na shughuli. Ijumaa iliyofuata pia. Mbwa wakabaki pale, kwa sababu kumfungua mbwa kabla ya ufunguzi rasmi ni kuuharibu ufunguzi.

Sasa namfikia yule mama. Anaitwa Mumbua, ana boma lake chini ya kilima, upande wa fisi. Mbwa wake, Jimi, ni mwekundu, mwembamba, sikio moja limeng'olewa kazini. Jimi hakuwahi kuona mnyororo maishani. Alishinda na mbuzi na kulala na mbuzi, na askari wa chifu walimkamata akiwa katikati ya mbuzi.

Mumbua alikuja kambini tukiwa tunakunywa chai.

"Bwana Chairman, fisi imekula mbuzi yangu mbili. Nipe Jimi."

"Pole sana, mwaitu," Mwenyekiti akasema, maana ndivyo Wakamba tunavyomwita mama. "Lakini Jimi tunamtetea."

"Mnamtetea na nani?"

"Na watu wanaofunga mbwa."

"Nani alimfunga?"

"Ni sisi."

Mumbua alimpa mgongo. Halafu akanigeukia mimi, labda kwa kuwa nilikuwa na kalamu.

"Mwanangu, nimebaki na mbuzi moja ya kukamua. Msichana wangu alikufa akaniachia mtoto, na huyo mtoto hakunywangi kitu ingine. Tangu mfunge Jimi, mimi ndio mbwa. Nalala nje na panga. Nikisikia fisi, nabweka."

"Unabweka?" Mwenyekiti akauliza.

"Nifanye nini? Fisi haisikii Kikamba."

Niseme ukweli, maneno hayo yaliniuma. Nilimwandikia Mwenyekiti kipande cha karatasi papo hapo, nikapendekeza mama huyu aruhusiwe kuendelea kubweka kwa muda. Mwenyekiti aliidhinisha. Mumbua hakushukuru. Aliomba tu nimsomee tena yale masharti matatu, polepole, na lile la tatu alinifanya nilisome mara mbili. Nilifikiri amependa lugha.

Kabla ya kuondoka alijaza maji karai la bati na kulisukuma kwa mguu mpaka kwenye pua ya Jimi. Askari walikuwa wamesahau sharti la kwanza.

Hatimaye Mgeni Rasmi alifika, mtu mzito, na hotuba nzito. Chifu Kivuva alikuwa ameleta watu wote uwanjani tangu alfajiri, na askari wakasimama kila pembe, kwa kuwa hakuna mwananchi anayeruhusiwa kuondoka kabla ya Mgeni Rasmi. Mbwa walifungwa kwenye nguzo mbele ya jukwaa. Katikati alikuwa Reksi mwenyewe, ameoshwa kwa sabuni. Mwenyekiti alimtoa kituoni siku hiyo ili wananchi waone mbwa wa kiongozi anavyofanana.

Mgeni Rasmi alishika kipaza sauti. Kipaza sauti kikalia nyiii. Mbwa wote wakajibu.

"Sisi kama serikali," alianza, na mbwa wakaanza naye. Akatulia, wakatulia. Akafungua mdomo, wakafungua midomo. Aliwatazama kwa hasira, nao wakamtazama kwa heshima, wakingoja neno la pili.

"Fungueni hao mbwa kwanza!" akasema. "Nitahutubu baadaye!"

Akamfungua Reksi kwa mkono wake, picha zikapigwa, halafu askari wakafungua wengine. Jimi alitoka kama jiwe la kombeo, akapita chini ya meza ya wageni, akaelekea kilimani. Wenzake wakatawanyika kila mmoja na njia ya kwao. Mumbua akasimama.

"Mwaitu, keti," Chifu akasema. "Hotuba bado."

"Siwezi keti. Mbwa imeenda. Bwana Chairman alisema kwa spika, nifuate mbwa mpaka nyumbani, bila kujali shughuli ingine yoyote. Hii si ni shughuli?"

Mgeni Rasmi alimgeukia Mwenyekiti. "Kuna sharti kama hilo?"

Mwenyekiti alinitazama kwa namna ambayo wakati huo sikuielewa. Nikasimama, nikasema ndiyo, Mheshimiwa, lipo, tena maneno ni yangu, na wafadhili waliyasifu.

"Basi sheria ifuatwe," akasema Mgeni Rasmi, akitabasamu kwa ajili ya picha. Alidhani ni mama mmoja.

Uwanja mzima ukasimama. Waliokuwa na mbwa walifuata mbwa. Bwana mmoja mwenye baiskeli alisema anafuata mbwa wa shemeji yake. Kwaya ya kanisa ilisema ina mbwa mmoja wa pamoja, ikaondoka ikiwa imejipanga kwa sauti. Askari walimtazama Chifu, Chifu akamtazama Mwenyekiti, Mwenyekiti akanitazama mimi, na kufikia hapo uwanjani palikuwa na viti tu.

Hotuba ilisomwa. Hotuba ya Mgeni Rasmi ikishaletwa haiwezi kurudi bila kusomwa. Ilihusu uhuru wa viumbe, na tulipiga makofi mahali palipotakiwa, ingawa makofi ya watu wachache uwanjani ni kitu cha kusikitisha. Ilipokwisha, Mgeni Rasmi alikaa. Tukajua kwamba ameagizwa asiondoke, kwa kuwa Mkubwa wake yuko ziarani na huenda akapita Kanyangi. Yeye hakuweza kuondoka kabla ya Mkubwa kupita, na sisi hatukuweza kuondoka kabla yake. Jua lilitupiga. Soda za wageni zilikuwa zimekwisha wakati wa hotuba.

Mbwa mmoja tu alikuwa amebaki. Reksi, shingo tupu, alikuwa anaizunguka nguzo yake pale pale, mnyororo ukiwa chini, na hakupita hata hatua moja ya ule urefu aliouzoea. Nilimtazama muda mrefu. Nilitaka mtu amwambie, lakini sikujua ni nani anahusika.

Jua likiwa limeanza kuinama, Mumbua alipita kando ya uwanja, mtoto mgongoni, mbuzi wake mmoja mbele, Jimi nyuma ya mbuzi. Mkononi alikuwa na lile karai, amelijaza maji kisimani. Akasimama.

"Bado mko hapa?"

"Bado, mwaitu," Mwenyekiti akasema.

"Mnangoja nini?"

"Mgeni Rasmi aondoke."

"Na yeye?"

"Anangoja Mkubwa wake."

"Atakuja?"

"Huenda."

Mumbua alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyekuta msiba. Akaweka karai chini nje ya duara la Reksi na kumwita kwa mluzi. Reksi alifika mwisho wa duara lake, akasimama, akanyoosha shingo. Jimi alikwenda akamnusa. Halafu Reksi akatoa mguu mmoja, na mwingine, akanywa maji kwa fujo mpaka yakabaki nusu, na mbuzi alipoanza kutembea naye akafuata.

"Reksi!" Mwenyekiti aliita. "Reksi, rudi!"

Reksi hakugeuka. Mwenyekiti aliinuka nusu. Alikuwa na haki kamili, sharti la tatu lilimruhusu, nami nilimnong'oneza hivyo. Lakini Mgeni Rasmi aligeuza shingo kidogo tu kumtazama, na Mwenyekiti akakaa.

Kwa hivyo taarifa yangu ni sahihi, mbwa wote wamefunguliwa, hata yule wa kompaundi. Nashukuru kwa niaba ya Kamati. Na lile linalosemwa sokoni nalithibitisha, ili lisiongezwe chumvi. Mumbua alirudi akatutazama pale kwenye viti, midomo imekauka, akatuuliza kama atuachie yale maji. Mwenyekiti akasema ndiyo. Akalisukuma karai kwa mguu mpaka mahali tulipoweza kulifikia, halafu akaenda kukamua.