Dereva wa Winchi Anayetembea Sana

Jumapili, 24 Mei. Mvua.

Mwezi wa tatu unakwisha tangu niwaache mama na mwanangu nyumbani, mkoani Guizhou, baada ya Sikukuu ya Taa. Leo kazi ya ujenzi imesimama. Nimepiga simu ya video na, kama kawaida, nimeona dari. Xiaohe, binti yangu, ana miaka minane. Akisikia sauti yangu analaza simu ya bibi yake mezani, anakwenda zake. Mama akiiokota naona paji la uso basi. Mke wangu anashona soksi kiwandani Zhejiang. Anasema dari ya kwetu sasa anaijua kila ubao.

Dayong, wa kijiji kimoja na mimi, analala kitanda cha juu. Akachungulia, akauliza, "Baoshan, unaongea na familia au unaezeka nyumba?" Wenzetu wakacheka.

Hapo ulimi ukaniteleza. Nikaiambia ile dari kwamba nimepandishwa cheo, naendesha winchi, ule mnara wa kunyanyulia vyuma hadi ghorofa za juu. Kisha uso! Uso mzima wa mwanangu, na pengo la jino ambalo hakuna aliyenieleza habari zake. Akauliza kama mawingu yanalowesha kioo. Nikasema yanalowesha sana, kila asubuhi napangusa.

Ukweli ni kwamba nasukuma toroli la zege. Lakini kwa uso ule ningesema naendesha mwezi.

Jumatano, 27 Mei.

Balaa. Simu zetu zinahesabu hatua, na kila jioni zinapanga jamaa na marafiki nani katembea kuliko nani. Sikuwahi kulijali jambo hilo. Mama hajui kusoma vizuri, lakini Xiaohe amemfundisha kufungua ile orodha, na sasa ndiyo burudani yao baada ya chakula. Mimi ni wa kwanza! Nimemshinda mleta barua. Nimemshinda shangazi yangu anayecheza ngoma uwanjani na wajane wenzake.

Mama akatuma ujumbe wa sauti: "Mwanangu, hilo winchi lako lina miguu?"

Nikajibu kwamba nashuka mara nyingi kwenda chooni. Akapiga hapo hapo. Muda wote kanisomea dawa za tumbo, na Xiaohe nyuma yake anacheka. Anacheka, lakini ananitazama kwa jicho la kupima.

Alhamisi, 28 Mei.

Nimepata dawa, si ya tumbo. Mzee Qiu, mlinzi wa lango, hainuki kwenye kiti chake cha plastiki kuanzia asubuhi. Nimemwachia simu yangu. Jioni nikawa wa mwisho katika orodha! Wa mwisho kabisa, chini ya mjomba aliyevunjika nyonga. Xiaohe kanitumia moyo mwekundu. Dereva halisi!

Ila Mzee Qiu hafanyi kitu bure. Anataka maji ya moto, tambi, sigara, na tena maji ya moto. Leo nimetembea kuliko siku zote za maisha yangu, na hakuna simu iliyojua.

Jumamosi, 30 Mei.

Mzee Qiu ni msaliti. Nimechelewa kwenye zege, yeye zamu imekwisha, akaenda uwanja wa jirani kucheza ngoma na mjane mmoja aitwaye Ruan, simu yangu mfukoni mwake. Wamecheza mpaka wanamuziki wakafunga virago. Nimekuwa wa kwanza tena. Nilipomlaumu akasema, "Kijana, mjane Ruan hanialiki kila wiki."

Mama kauliza kama siku hizi winchi linacheza ngoma. Nikamwambia kulikuwa na sherehe ya madereva. Xiaohe akamnyang'anya simu, pumzi juu juu. Jumatatu ni Sikukuu ya Watoto. Mwalimu atawapigia wazazi walio mbali, mmoja mmoja, waonekane kwenye skrini kubwa ya darasani. Xiaohe ameshawatangazia wenzake wote kwamba baba yake ataonyesha mawingu. Mvulana mmoja anayekaa nyuma yake amesema ni uongo. "Baba, si utamnyamazisha?"

Nikasema nitamnyamazisha.

Jumapili, 31 Mei.

Dereva wa kweli ni dada Yan, mwanamke mfupi mwenye sauti ya king'ora. Nikamwomba anipandishe. Akasema hapandi mtu asiye na kibali, hata awe babu yake. Nikamweleza habari za Xiaohe. Akasema simu yangu inaweza kupanda. Mimi, hapana.

Nikapata akili. Dada Yan atapokea simu na kuielekeza mawinguni. Mimi nitakuwa chini na redio ya upepo ya Dayong, ambaye kazi yake ni kumwelekeza dereva. Nikisema chini, sauti itatokea juu karibu na simu. Dayong kakubali, ila nimuite "mkuu" mpaka mwisho wa mwezi. Sawa, mkuu.

Jumatatu, 1 Juni. Jua kali.

Simu ilipigwa. Mawingu yalikuwepo, makubwa, meupe. Nikasema kwenye redio, "Xiaohe, baba yako huyu, juu ya dunia!" Dada Yan akanibonyezea kitufe nisikie. Darasa zima linapiga makofi! Mvulana wa nyuma kimya! Dayong mwenyewe akanipiga bega.

Kisha sauti ya mwanangu: "Baba, mawingu nimeyaona. Geuza simu nikuone wewe."

Akarudia. Nikasema kamera ya upande wangu imeharibika. Dada Yan akachoka. Nikamsikia akisema, taratibu, si kwa ukali, "Mtoto, mimi ndiye dereva. Baba yako yuko pale chini, anasukuma toroli. Ngoja nikuonyeshe."

Wote chini tuna kofia za njano. Xiaohe akauliza, "Yupi?"

Dayong akaninong'oneza, "Punga mkono, mjinga wewe! Punga!"

Mkono nilikuwa nao. Nikaingia nyuma ya rundo la matofali, nikachuchumaa. Redio bado mkononi. Mwanangu akauliza tena, "Yupi, shangazi? Simwoni." Kisha mwalimu akamwita mtoto mwingine.

Dada Yan aliposhuka alinipa simu, akaenda zake. Dayong hajanitania jioni nzima. Heri angenitania.

Jumatano, 3 Juni.

Xiaohe amepiga mwenyewe, kutoka simu ya bibi yake. Si mawingu, si cheo alivyouliza. Ameuliza jambo moja: kwa nini nilijificha? Aliona kofia moja ikikimbilia nyuma ya matofali, baadaye akajua ni yangu. Amesema mvulana wa nyuma baba yake naye husukuma toroli, Fujian huko, na alipunga mkono mpaka kofia ikaanguka. Darasa lilimshangilia.

Nilitaka kusema niliona haya. Nikafungua mdomo, yakatoka maneno mengine. Nikasema sikujificha, niliinama kumfunga mwenzangu jeraha, na kwa ushujaa huo bosi kanifanya msimamizi wa usalama, wale wenye kofia nyeupe.

Kisha akasema basi nirudi nayo, aione kwa macho yake.

Nimempa ahadi. Nafika nyumbani Septemba, Sikukuu ya Katikati ya Vuli, kabla keki za mwezi hazijakatwa. Kofia nyeupe nitaipata tu. Mzee Qiu anasema anamjua mtu.