Bunduki ya Gadi ya Mfalme

Jeshi lilipoamua kuuza bunduki zake za zamani, zile za komeo ambazo kila ukitaka risasi nyingine lazima uvute chuma nyuma na kukisukuma mbele, watu wa mji wa Čačak waliona vyuma chakavu. Radiša Tomović aliona utajiri. Aliuza gari lake, akanunua sanduku zima la bunduki zilizolowa grisi, akakata vibali vyote, kwa kuwa alikuwa tapeli aliyeheshimu sheria kila isipomzuia.

Bunduki ya kawaida, aliwaza, mtu huinunua akipiga miayo. Isiyokosa shabaha huinunua kwa machozi. Kilichobaki ni kuifanya isikose, na kazi hiyo akampa binamu yake Ljubinka, mwanamke mpole mwenye mikono myepesi. Alijibanza nyuma ya mwamba kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa, ameshika nyuzi zilizofungwa kwenye sahani za bati. Bunduki ikilia, avute.

Mteja wa kwanza alikuwa Vidosav Peruničić, mwenye mkahawa, jitu nene lililosifika kwa kuuza mfupa kwa bei ya nyama. Radiša alimweleza kwamba bunduki zile zilifuliwa kwa chuma cha kengele za monasteri. Vidosav akavua kofia kwa heshima, akalala kifudifudi, akafyatua. Sahani ikaanguka. Akavuta komeo, akafyatua tena, ya pili nayo chali. Safari ya tatu Ljubinka aliwahi, sahani ikaanguka kabla ya mlio, na Radiša akaeleza kwa uso mkavu kwamba risasi ya kengele hukimbia kuliko sauti yake.

Vidosav aliinuka akitweta kwa furaha. Alilitaka sanduku lote. Wageni wake wa Jumapili wangegombania kulenga sahani baada ya chakula. Tatizo, alisema akishusha sauti, jiko jipya limemkausha mfuko. Alichobaki nacho ni bunduki ya marehemu babu yake, ipo ukutani mkahawani, hata hajui kama ina maana yoyote.

Wakaenda kuitazama. Juu ya komeo, Radiša aliona tai wa dhahabu mwenye vichwa viwili, nembo ya gadi ya mfalme. Wakusanyaji wa silaha za kale kule Vienna wangemjengea nyumba kwa kitu hicho. Akajikuna shingo kama mtu aliyechoshwa.

"Hii ni kuni," alisema. "Ila kwa heshima ya babu yako, naichukua tubadilishane."

"Mama atalia."

"Mwambie imekwenda kwa mtu mwenye utu."

Wakaandikishana polisi kama waungwana. Sanduku likabaki kwa Vidosav, naye Radiša akapanda basi kurudi kwake, bunduki ameipakata kama mtoto mchanga. Nyumbani akaona aisugue kidogo kwa mafuta ya taa ing'ae. Tai akapoteza kichwa kimoja. Akasugua kwa upole zaidi, na cha pili nacho kikaja na kitambaa. Nta, na rangi ya keki. Akachungulia mtutu: ulikuwa umezibwa kwa chuma tangu zamani, pambo la ukutani lisiloweza kuua hata nzi.

Alirudi mkahawani akihema. Kabla hajafungua kinywa, Vidosav alimwekea mezani nyama ya mwanakondoo na glasi ya rakija, pombe kali ya matunda.

"Ulijua lini?" Radiša akauliza.

"Risasi ya pili niliulenga mti, ndugu yangu. Sahani ikaanguka. Nikasema huyu bwana ana kipaji, haifai aondoke mikono mitupu."

Radiša alijaribu kukasirika. Alikunja uso, akakunja ngumi, lakini kicheko kilimpanda kutoka tumboni mpaka rakija ikamtokea puani. Alipopata pumzi aliomba jambo moja tu, aonyeshwe fundi aliyemchora yule tai.

Vidosav akampeleka jikoni. Mama yake, bibi Stamena, alikuwa akipamba keki ya sikukuu ya mtakatifu wa nyumba yao, anachora majani ya zabibu kwa mkono usiotetemeka. Radiša akainama, akaubusu mkono ule, akakiri kwamba miaka yote ya kazi hajakutana na ustadi kama huo. Bibi akamtazama juu ya miwani kwa huruma.

"Wewe ulikuwa rahisi, mwanangu," alisema. "Aliyekutangulia alikuja na padri."