Kilima cha Kijani

Jumatatu, 7 Aprili
Nimekwisha. Mkataba unafika ukingoni, nafasi ya kudumu ni moja, na tunaoigombea ni wawili: mimi na mpima ardhi wa meza ya pili. Tumembandika jina la Bi Uhakika, maana kila unachosema huuliza kama una uhakika. Mkuu wa kitengo anataka ramani ya kile kilima tulikopanda miche, ionyeshe ilivyostawi. Nikafungua picha za satelaiti, kiangazi cha mwaka jana na kiangazi cha mwaka huu, kama utaratibu unavyotaka. Nyekundu na nyekundu! Kwetu nyekundu ni ardhi tupu. Na mke wangu ameshamwambia mama yake kwamba nafasi nimeipata. Usingizi nitautoa wapi?

Jumanne, 8 Aprili
Akili ni nywele, na mimi nina kichaka. Picha ya mwaka huu nimeitupa, nikaweka ya wiki iliyopita, baada ya mvua. Lo! Kilima kijani tupu! Mvua ikinyesha hata paa la choo huota majani, lakini nani atauliza? Bi Uhakika aliuliza. Akasema picha za misimu miwili hazilinganishwi. Nikamwambia wivu hauna dawa. Mkuu alinishika mkono mbele ya ofisi nzima, akaniita mwanangu.

Jumatano, 9 Aprili
Balaa. Mkuu amefurahi kupita kiasi. Wafadhili wa mradi wanakuja Ijumaa kuutembelea msitu wangu! Nikakimbilia kilimani, mara ya kwanza tangu nianze kukichora. Nyasi. Nyasi na mbuzi. Miche ilikufa zamani, vimebaki vijiti. Nilikaa chini nikalia, mwanamume mzima, mbuzi wakinitazama bila haya.

Alhamisi, 10 Aprili
Nimemwomba shemeji, kaka wa mke wangu, mwenye gari la mizigo, alete matawi mabichi tuyachomeke. Alisema mimi si mzima. Nikamwambia nikikosa kazi dada yake atalala njaa. Akachukua panga. Tumechomeka mpaka viganja vimetoka malengelenge. Ukisimama mbali, ukafumba jicho moja, ni msitu. Matawi kayatoa wapi, sikuuliza.

Ijumaa, 11 Aprili
Sitaki kuandika. Jua liliwaka tangu asubuhi. Wageni walipofika, matawi yote yalikuwa yameinamisha vichwa kama waliofiwa. Mgeni mmoja, mama mpole, akasema angependa kuona mizizi inavyoshika udongo. Akavuta. Tawi likaja lote, na kibanio cha nguo juu yake. Shemeji kafyeka ua wa mama yake, anapoanikia nguo! Mkuu hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema tu kwamba Jumatatu nikaripoti kwa Bi Uhakika, kwa kuwa sasa ndiye bosi wangu. Nyumbani nikamkuta mama mkwe sebuleni, mkoba mapajani. Mke wangu hakuniangalia. Aibu imeniingia hadi mifupani, sijui kesho nitaamkaje.

Jumatatu, 14 Aprili
Bi Uhakika amenionea huruma, na huruma yake inauma kuliko kofi. Amenipa mkataba mfupi, nafasi ya mwisho: nikizunguke kilima na bonde lake kwa miguu, nisimame kwenye kila nukta ya ramani, niandike kilichopo. Nikidanganya, nje. Nikaapa mbele yake, na mbele ya mke wangu pia. Nimefika huko. Tope hadi magotini, kila nukta iko mbali na nyingine. Nikatazama juu kumlilia Mungu, nikaona wingu zito, limefunika kila mahali. Na satelaiti haioni chini ya wingu! Basi leo nani atanipinga? Nimejibanza kibarazani kwa muuza duka, nikajaza nukta zote kabla chai haijapoa. Miti hai, miti hai, miti hai. Mbili zimeangukia katikati ya bwawa. Hapo nimeandika: miti mirefu, inaendelea vizuri.