Malalamiko Dhidi ya Daktari Aliyeniachia Uamuzi wa Tumbo Langu

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Hospitali,

Natumaini barua hii inakukuta salama wewe, familia yako, na wafanyakazi wote walio chini yako isipokuwa mmoja, ambaye habari zake zinafuata hapa chini. Hata yeye namtakia afya njema, ila namtakia na usumbufu kidogo.

Mimi ni fundi wa kushona nguo za kike. Duka langu liko mkabala na lango lako la nyuma, ubavuni mwa kinyozi, ambaye ndiye mume wangu. Wateja wananiita Fundi Mkasi. Vilevile mimi ni mnene. Nalitamka mapema ili usihangaike kutafuta neno la adabu, maana wauguzi wako wameshanitafutia mengi, mara "mama mwenye mwili", mara "mama mwenye afya", na huyo wa afya aliniita hivyo huku ananipima sukari iliyopanda.

Nilikuja kwako kwa ajili ya magoti. Kutoka kwenye magoti mkahamia kwenye presha, kutoka kwenye presha mkahamia kwenye sukari, na mwisho nikajikuta mbele ya daktari mpasuaji, kijana mpole mwenye sauti ndogo, ambaye alichukua karatasi akanichorea tumbo langu. Alieleza kwamba upo upasuaji wa kulipunguza. Sehemu kubwa inakatwa na kutolewa, na inayobaki inakuwa nyembamba mithili ya mkono wa blauzi. Mchoro niliuelewa vizuri, kazi yangu ni hiyo. Kisha akaweka kalamu chini, akanitazama, akasema: "Mama, uamuzi ni wako."

Hapo ndipo yanapoanzia malalamiko yangu, ambayo nayapanga kwa namba ili usiruke hata moja.

1. Nalalamika kwamba daktari wako hajui kazi inavyofanywa. Mteja akija dukani kwangu na kitambaa chake na picha aliyoikata gazetini, mimi namtazama mara moja tu, mbele na nyuma, halafu naamua. Akianza kusitasita kati ya kola hii na ile, naweka mkasi kwenye kitambaa. Mkasi ukishapita, mteja anatulia, anakunywa maji, anaanza kunisimulia habari za nyumbani kwake. Ndiyo maana nikapewa jina hilo, na silionei haya. Katika maisha yangu yote ya ufundi sijawahi kumwambia mteja kwamba uamuzi ni wake, kwa sababu angetoka na kitambaa chake akaenda kwa fundi wa ng'ambo ya barabara. Sasa mtu amesoma miaka yote ile, ana miwani, ana koti jeupe lililopigwa pasi vizuri kabisa (mshono wa bega la kushoto umekaa vibaya, lakini hilo si la leo), halafu ananiuliza mimi nisiyesoma udaktari kuhusu tumbo. Nilijaribu kumtega. Nikamuuliza, kama ningekuwa mama yake angefanyaje. Akajibu kwamba mama yake ni mwembamba. Nikamuuliza, je, kama ningekuwa mkewe? Akafikiri kidogo, akasema mkewe hapendi kuamuliwa.

2. Nalalamika kwamba alinieleza faida na hatari kwa sauti ileile. Faida alizisema polepole, hatari akazisema polepole. Nilimkodolea macho nione uso unaelekea wapi, haukuelekea kokote. Mtu mwenye huruma huwa anapandisha nyusi pale anapotaka umfuate. Hata mimi, nikionyesha vitambaa viwili, kile ninachotaka mteja akichukue nakikunjua chote mezani, kile kingine nakionyesha ncha tu. Nilipomuuliza kama anapiga bandi, ule mshono wa muda wa kushikiza, kabla ya kunishona kwa mashine, alicheka. Huo ndio wakati pekee uso wake uliponionyesha kitu, na hakikuwa jibu.

3. Nalalamika dhidi ya adabu ya afisa lishe wako. Binti huyu aliniuliza ninakula nini kwa siku. Nilimwambia ukweli, nikakaa vizuri kwenye kiti nikisubiri kugombezwa. Aliandika tu. Nikaona labda hakusikia, nikamwongezea mikate miwili na soda ambazo sikuwa nimekula. Akaandika nazo. Nikafika mahali pa kujisingizia keki nzima, Mheshimiwa, na yule binti akaniambia asante kwa kuwa muwazi. Mtu mnene ana haki ya kugombezwa mara moja ili akasirike, akikasirika aende zake nyumbani akiwa ameamua. Mimi nimenyimwa haki hiyo.

4. Nalalamika kwamba hospitali yako imemharibu mume wangu. Alikuwa na kasoro hiyo tangu zamani, kwa kuwa kinyozi kazi yake ni kuuliza. Anamuuliza mteja, "ifupi hivi, au zaidi?" mpaka mteja anasinzia kwenye kiti. Lakini walau nyumbani alikuwa anathubutu kusema hili silitaki. Tangu mlipomkaribisha kwenye kikao na daktari na kumpa kijikaratasi cha maelezo, amekuwa mtu wa kuniunga mkono. Nikisema nafanya, ananiunga mkono. Nikisema sifanyi, ananiunga mkono. Siku moja nilibadili nia mara tatu kabla maji ya chai hayajachemka, akaniunga mkono zote tatu, na chai akatengeneza yeye.

5. Hili linahusu dada yangu mkubwa. Najua si mwajiriwa wako, lakini sina mwingine wa kumshtakia. Mama yetu alipofariki, dada ndiye aliyenilea. Alinichagulia shule, akanichagulia ufundi, na mume wangu asingekuwa mume wangu kama dada asingemtazama viatu akasema huyu anafaa. Kwa hiyo nilikwenda kwake nikiwa na matumaini makubwa. Nilijua atapiga meza. Ama atasema, wewe una wazimu, nani alikwambia ukakatwe, ama atasema, unangoja nini, twende kesho. Lolote lile ningelipokea kwa mikono miwili. Dada akanisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo halijawahi kutokea, akanishika bega, akasema, "Mdogo wangu, umeshakuwa mtu mzima." Nina miaka hamsini na mitatu. Miaka yote hiyo nilikuwa mtoto, na siku aliyoona nimekua ikawa ndiyo hiyo. Niliumia kiasi kwamba nilikula chakula chote alichokuwa amewapikia wageni wake.

6. Wateja nao wamegawanyika. Sifa yangu mjini ni kuwashonea wanawake wakubwa nguo zisizowabana wala kuwapwaya, kwa sababu najua mwenyewe gauni linapokatiza pumzi na kifungo kinapochoka. Walipopata fununu wakaja dukani kwa makundi. Mmoja alisema nikipungua nitawasahau, kwamba fundi mwembamba anamshonea mnene kwa kusikia tu. Mwingine akasema nisimsikilize mtu mwenye wivu, nifanye, halafu niwasimulie. Tulifunga mlango tukajadiliana, na kikao kikavunjika bila jibu ila kila mmoja aliondoka ameagiza gauni. Upande wa pili ni kwamba siwezi tena kupiga magoti kumpimia mtu pindo. Nikishuka, lazima kinyozi aitwe kunipandisha, na yeye anakuja na mkasi mkononi na mteja wake nyuma akiwa amenyolewa nusu. Kwa hiyo siku hizi mteja anapanda juu ya meza, mimi nabaki nimesimama. Juzi mke wa askari aligonga taa kwa kichwa, na pindo lake likatoka limekwenda upande. Nikalifumua lote nikaanza upya.

7. Hili la saba ningependa ulisome ukiwa umekaa. Daktari wako aliniambia wengi wanalala kwa dawa ya usingizi na wanaamka. Nikamuuliza kuhusu wachache. Akanijibu, hakunificha. Kisha akaniambia kwa sauti yake ileile kwamba moyo wangu unabeba mzigo mkubwa na sukari haisubiri, na nikibaki hivi nilivyo, pia ni hatari, ila ile inakuja polepole. Mheshimiwa, mimi naogopa. Naogopa kulala nisiamke, na naogopa kuendelea kuamka kila siku nikiwa nimezidi ya jana, mpaka siku nitakayoshindwa kufika dukani. Nimekuwa nikiuliza watu wote waniamulie kwa sababu nikiamua mimi, na mambo yakaharibika, hakutakuwa na mtu wa kumkasirikia.

Nililisema hili kwa mume wangu nikiwa nashona bitana ya gauni la bibi harusi. Nikamwambia aache kuniunga mkono, aseme anataka nini yeye. Aliweka kitana chini. Akasema, "Mimi sichagui umbo, mke wangu. Nataka mtu wa kuzeeka naye." Kisha akarudi kwa mteja wake, nami nikalia juu ya hariri ya watu, na hariri ikilowa inaacha alama. Gharama ya kitambaa hicho sikudai, naitaja tu ili ujue mambo yamefika wapi.

Kutokana na hayo, naomba kwa unyenyekevu yafuatayo, na mojawapo tu linatosha:

(a) Daktari aamriwe kuniamulia, kwa maandishi, na mhuri upigwe. Akiandika kata, nikatwe. Akiandika usikate, niende zangu nikamsengenye kwa raha.

(b) Kama hawezi, basi hospitali inikatalie rasmi kwa sababu yoyote itakayopatikana. Mnaweza kusema vitanda vyenu ni vyembamba. Mnaweza kusema daktari amesafiri, mradi mumpe nauli asafiri kweli, maana duka langu linaona lango lenu.

(c) Kama na hilo linawashinda, iitwe kura ya wafanyakazi wote. Naomba wafagizi wapewe kura mbilimbili, kwa sababu mmoja wao ndiye mtu pekee humu ndani aliyewahi kuniambia niende nikakae, nimekanyaga sakafu mbichi. Alisema bila kuniuliza maoni yangu, nikatii, nikajisikia vizuri siku nzima.

(d) Kama hakuna linalowezekana, naomba uiandikie serikali itunge sheria ya kuwazuia madaktari kutamka maneno "uamuzi ni wako" mbele ya mgonjwa mwenye akili timamu. Sheria ikishapita, tutaipanua iwaguse walimu wanaotuuliza mtoto asome nini, wauza viatu wanaotuuliza tunataka rangi gani, na vinyozi wote.

Nimalizie kwa salamu. Msalimie mlinzi wa lango la nyuma, ambaye hunifungulia pande zote mbili za lango ingawa upande mmoja ungetosha. Msalimie binti wa lishe, umwambie ile keki haikuwepo. Wasalimie wauguzi wote wa mizani. Msalimie na daktari mwenyewe, na umwambie alete lile koti nimrekebishie bega, haitachukua muda.

Nabaki kwa heshima, na kwa uzito wangu wote,

Fundi Mkasi,
Mshonaji wa nguo za kike, mkabala na lango la nyuma.

Tanbihi: Barua hii ataileta ofisini kwako muuguzi wa zamu ya mchana, kutoka wodi ya upasuaji, kitanda cha dirishani, nilipolazwa leo asubuhi. Hakuna aliyenisukuma. Nilikuja kwa miguu yangu, taratibu, mume wangu akibeba begi na dada yangu akiwaelekeza wauguzi wenu namna ya kutandika shuka. Daktari alipita hapa kuuliza kwa mara ya mwisho kama bado nimeridhia, nami nikasema ndiyo kabla hajamaliza sentensi. Nimeandika kwa sababu nimekatazwa kula, na mikono yangu haijazoea kukaa bure. Kwa hiyo, kama kikao chako kitaamua kunikatalia, naomba uamuzi huo usiletwe kesho asubuhi, kwa kuwa nitakuwa chumba cha upasuaji. Uletwe jioni. Nitakuwa nimeamka.