Jua Limevaa Miwani, na Pasi ya Mke Wangu

Jumatatu, 3 Juni

Nimevumbua hazina! Nilikuwa nasaka panya nyuma ya kabati la Baba Mkwe. Mkono ukagusa santuri. Ganda lake: jua lenye miwani myeusi, chini yake vijana wenye nywele kama vichaka na suruali pana kama sketi. Imeandikwa 1968. Jina la albamu: Jua Limevaa Miwani. Sijawahi kuisikia. Hakuna aliyewahi kuisikia. Hapo ndipo penye utamu!

Nimeificha chini ya godoro. Baba Mkwe sijamwambia. Tangu nimwoe binti yake na kuhamia chumba chake cha nyuma, salamu yake kwangu ni "ehe". Basi. Ngoja awe mkwe wa mtu maarufu.

Jumanne, 4 Juni

Sina gramafoni. Aliyenayo ni kinyozi, jirani wa kibanda changu cha kutengeneza saa, mtu wa kujisikia kuliko wote mtaani. Nikajikaza, nikaenda.

Santuri imepinda, ukingo unapanda na kushuka. Sindano iliruka wimbo wa kwanza wote. Lakini kile kidogo nilichoambulia! Magitaa yanalia kinyumenyume. Kinanda kama kinayeyuka. Ngoma inaingia sikio hili inatokea lile. Mteja alisahau kwamba kichwa chake kimenyolewa nusu. Mimi machozi yalinilenga, na sioni haya kusema. Kinyozi akasema hiyo inaitwa roki ya saikedeliki, akaieleza kana kwamba kaizaa yeye. Kisha akaizima, eti namharibia sindano.

Jumatano, 5 Juni

Kinyozi mnafiki! Anawatangazia wateja kwamba yeye ndiye aliyeigundua. Amempigia simu mtangazaji wa redio, yule wa kipindi cha nyimbo za zamani. Anakuja Jumamosi kusikiliza. Mimi nimepewa kazi ya kupanga viti. Viti!

Sawa. Lakini santuri ninayo mimi. Nitaingia nayo imenyooka kama meza, nitaiweka kwa mkono wangu, nitahojiwa kwa mdomo wangu. Kilichobaki ni kuinyoosha tu.

Ijumaa, 7 Juni

Nilimwonyesha mke wangu lile ganda, nikisubiri sifa. Akakaa chini. Akaniuliza kama kweli simjui yule kijana wa pembeni, mwenye gitaa. Nikasema nitamjulia wapi. Akasema ni baba.

Baba Mkwe! Mwenye upara! Wa "ehe"!

Kumbe kuna zaidi. Kwenye wimbo wa mwisho anaimba marehemu Mama Mkwe. Sauti yake haipo popote pengine. Albamu haikupata wanunuzi, nakala zikatupwa, gramafoni ya nyumbani ikafa, santuri ikapinda, mzee akaisukuma nyuma ya kabati asiione. Mke wangu alifiwa akiwa mdogo mno. Hajui mama yake alikuwa na sauti gani. Akaniomba niitunze kama mboni ya jicho. Nikaahidi. Akaenda sokoni.

Sasa, mtu anayetunza kitu anakiachaje kimepinda? Nikachomeka pasi.

Taulo chini, taulo juu. Nilianzia ukingoni, taratibu, kama fundi. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri kabisa. Kisha harufu.

Mke wangu aliingia mbio akang'oa waya ukutani. Ukingo mzima umejikunja kama pindo la gauni. Hakunigombeza. Angenigombeza ningepata nafuu. Alikaa kitandani kaikumbatia santuri. Jamani, sijawahi kujichukia namna hii.

Jumamosi, 8 Juni

Nilimfuata Baba Mkwe kabla hajanywa chai. Nikamwambia yote: kabati, godoro, pasi. Aliitazama santuri, akaigeuza, akaitazama tena. Akachukua kofia. Akasema twende, na binti yake aje.

Kwa kinyozi pamejaa. Mtangazaji alipoiona santuri akasema imekufa hiyo. Papo hapo kinyozi akamfahamisha kwamba mgunduzi ni mimi.

Baba Mkwe akasogea kwenye gramafoni. Aliinyanyua sindano, akaipitisha juu ya ukingo ulioungua, akaishusha karibu kabisa na katikati. Pasi haikuwahi kufika pale. Wimbo wa mwisho.

Likaanza gitaa lake. Halafu Mama Mkwe. Sauti nyembamba, ya msichana, anacheka kidogo kabla ya kuimba. Mke wangu aliubana mkono wangu mpaka ukafa ganzi. Mzee alikuwa anafuatisha maneno kwa midomo, bila sauti. Wimbo ulipokwisha mke wangu akaomba urudiwe. Ukarudiwa. Mtangazaji naye alikuwa anafuta macho. Ameurekodi, utasikika redioni, na sisi tutapewa nakala yetu.

Njiani Baba Mkwe alisema miaka yote hiyo aliamini haiwezi tena kupigwa, akaogopa hata kujaribu. Halafu akasema ahsante, mwanangu.

Mwanangu! Nilikuwa na hotuba nzima kichwani. Nikasema "ehe".

Jumapili, 9 Juni

Nashukuru. Namshukuru Mungu, namshukuru mzee, namshukuru hata kinyozi, na hilo si dogo. Mke wangu yuko jikoni anauimba ule wimbo, na kile kicheko cha mwanzo anakiweka mahali pake. Nilisimama mlangoni nikimsikiliza. Mtu kama mimi nimepewa nyumba kama hii!

Jioni Baba Mkwe alibisha hodi chumbani kwetu. Hajawahi! Alileta kasha. Ndani mna utepe wa kunasia sauti, wenye albamu ya pili, ambayo haikutolewa kamwe. Mama Mkwe anaimba humo tangu mwanzo hadi mwisho. Ila utepe umeingia unyevu, umegandana. Mzee anasema tumpelekee fundi wa redio, yeye ana ujuzi wa vitu hivyo, na tusiuguse kabisa.

Fundi wa nini tena? Unyevu dawa yake ni joto kidogo.

Mke wangu ameificha pasi. Simlaumu, ana haki yake. Tena pasi yenyewe ni ndogo. Nimeshaongea na mwokaji mikate wa pale kona. Anasema asubuhi akishatoa mikate, tanuri hubaki na moto wa wastani tu. Mzee atakuwa bado amelala. Nataka nimshangaze.